Wito Usio na Neno

Sauti ya arobaini na moja ilikuwa nzuri mno, na kwa sababu hiyohiyo Kajiru aliichukia.

Alivua vipokea sauti masikioni, akaviweka juu ya meza, akaikodolea macho skrini ya sinthesaiza, mashine yake ya kuundia sauti. Mawimbi mawili yenye meno kama ya msumeno yalikuwa yamelala pale sambamba, moja limepandishwa kidogo sana juu ya mwenzake, kiasi kwamba yalipolia pamoja yalisuguana na kuzaa uhai fulani, mithili ya watu wawili wanaoimba wimbo mmoja bila kutazamana. Chini yake lilikuwapo wimbi la tatu, la polepole, ambalo sikio haliwezi kulisikia lenyewe. Kazi yake ilikuwa kuyayumbisha yale mawili, kuyapandisha na kuyashusha mara tano kwa sekunde, jinsi koo la mama linavyotetemeka anapomwita mtoto aliye mbali. Baada ya hapo kilifuata kichujio, kilichofunguka taratibu ili sauti ianzie kifuani na kumalizikia kwenye meno. Na mwisho mwangwi mdogo, wa kadiri ya chumba kilichoachwa mlango wazi.

Kila kitu kilikuwa mahali pake. Sauti ile haikutaja jina la mtu wala haikutamka neno la lugha yoyote, lakini aliyeisikia alijua kwamba anaitwa. Taabu ni kwamba alijua pia kwamba anayemwita ni mashine.

Kwa miaka kumi na tisa Kajiru alikuwa Fundi Mkuu wa Idara ya Miito, na hapakuwa na raia asiyeijua kazi ya mikono yake, ingawa wachache walilijua jina lake. Kila mtu alikuwa na punje mbili, ndogo kama mtama, zilizopandwa ndani ya mfupa nyuma ya masikio. Zilianza kama jambo la afya: zilihesabu mapigo ya moyo na kuyapeleka zahanati, zikawakumbusha kina mama siku ya chanjo. Halafu zikaanza kutoa tahadhari. Sauti ya moto, sauti ya mafuriko, sauti ya mwisho wa zamu, zote zilifinyangwa katika chumba hiki chenye kuta za sponji. Mafundi peke yao ndio walioruhusiwa kuzifunga punje zao, kwani mpishi hawezi kuonja akiwa na pilipili mdomoni.

Alikuwa mtu wa desturi ngumu. Alisomeshwa katika shule ya bweni iliyojengwa juu ya kilima chenye baridi, na juu ya mlango wa bwalo la chakula palikuwa pamechongwa maneno haya: KAZI NUSU NI UONGO KAMILI. Wenzake waliyacheka tangu kidato cha kwanza. Yeye aliyaamini, akayabeba maishani kama mtu abebavyo jina la baba yake, na hakuwahi kuiacha kazi ikiwa nusu.

Mkurugenzi wa Idara, Tabitha Ng'wanakilala, aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa ametoka Bonde la Mlongeni asubuhi ile na viatu vyake vilikuwa bado na matope mekundu. Alivuta kiti, akaketi, akayasugua macho yake kwa muda.

Habari alizoleta hazikuwa mpya. Juu ya bonde lile mlima ulikuwa umeporomoka wakati wa masika na kuuziba mto, na nyuma ya kifusi hicho palikuwa pamejikusanya ziwa. Wahandisi walikadiria kwamba kifusi kingehimili siku kumi na moja, na walisema wazi kwamba siku hizo walizitaja kwa ukarimu. Chini yake waliishi watu mia tisa na kumi na wawili, wakulima wa tangawizi, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuhama.

"Hawakutudharau," alisema Mkurugenzi. "Laiti wangetudharau. Tuliita mkutano, wakaja wote. Hata wagonjwa walibebwa. Wakakaa, wakasikiliza mpaka mwisho, wakanywa chai yetu, wakatushukuru kwa kuwajali. Kisha wakakataa."

"Usikatae wito, kataa neno," alisema Kajiru.

"Msemo huo naujua, Fundi. Nimeuchoka."

"Sisi wengine tunausema tu, Mkurugenzi. Kule wanauishi. Ukimwita mtu wa Mlongeni ataitika na atakuja, hata kama wewe ni adui yake. Akishafika ndipo atakaposikiliza, na akishasikiliza ndipo atakapochagua. Uungwana wao wote umo katika nafasi ile iliyo kati ya kuitika na kukubali."

"Hiyo nafasi ndiyo itakayowaua." Akainama mbele. "Nataka uiondoe. Nitengenezee wito usio na neno baada yake. Mtu aitwe, aitike, na miguu yake iwe imeshafika kabla hajakumbuka kwamba alikuwa na la kuchagua."

Kajiru alijua kwamba njia rahisi na salama ilikuwa kusema kwamba jambo hilo haliwezekani. Hapakuwa na mtu mwingine nchini aliyeweza kumbishia. Lakini hakuwa na hakika kwamba haliwezekani, na hakuwahi kusema asilokuwa na hakika nalo.

"Dada yako yuko kule," alisema Mkurugenzi kwa sauti ya chini.

"Yuko."

"Basi sina haja ya kukuomba mara mbili."

*

Kesho yake kabla ya saa nne asubuhi aliliona kosa lake. Lile wimbi la polepole, lililoyayumbisha mengine, lilienda kwa mwendo usiobadilika, na sikio la binadamu hulitambua jambo hilo upesi kama ulimi unavyolitambua jiwe ndani ya wali. Alijaribu kuuvuruga mwendo huo kwa kuiachia mashine ibahatishe. Sauti ikalewa. Alijaribu kulikopesha wimbi hilo mwendo wa pumzi zake mwenyewe, alizozirekodi. Ikawa sauti ya Kajiru, na Kajiru hakuwa mtu wa kuitikiwa na umma.

Ndipo alipokumbuka kwamba punje huhesabu moyo. Njia ilikuwapo tayari. Mapigo ya kila raia yalipita humo yakienda zahanati. Kilichobaki kilikuwa kuyageuza yapite kwake kwanza. Alifungua ramani ya sinthesaiza na kuvuta mstari mmoja wa kijani, kutoka kisanduku kilichoandikwa Moyo hadi kisanduku kilichoandikwa Myumbisho. Hakufanya zaidi ya hapo. Kuanzia sasa sauti isingetetemeka kwa amri ya mashine. Ingetetemeka kwa moyo wa yule anayeisikia, na kila mmoja angesikia sauti yake, iliyofungamana naye kuliko sauti ya mtu yeyote aliyepata kumwita duniani. Aliongeza jambo moja dogo: sauti iifikie punje ya upande mmoja kitambo kidogo kabla ya ile ya pili, chini ya elfu moja ya sekunde, ili kichwa kigeuke chenyewe kuelekea mnara.

Akaiita sauti ya arobaini na mbili. Hakuzifungua punje zake ili aisikie.

Jaribio lilifanyika alasiri katika ukumbi wa mikutano. Watumishi kumi na wawili walijitolea, wakaketi mstari mmoja, na waliambiwa kwamba sharti lilikuwa moja tu: wasiinuke. Atakayebaki kitini angepewa siku mbili za mapumziko. Miongoni mwao alikuwapo Salha Mndeme, karani wa masjala, mwanamke mcheshi aliyekuwa amevunjika mguu juma lililopita na kufungwa plasta ngumu mpaka gotini.

"Kaka Kajiru, mimi hizo siku niandikie sasa hivi," alisema, akiilaza mikongojo yake sakafuni. "Mguu huu hauinuki leo hata nikiitwa na aliyeniposa akanikimbia."

Wenzake wakacheka. Kajiru alikuwa nyuma ya kioo upande wa pili wa ukumbi. Akabonyeza.

Kicheko kilikatika. Vichwa kumi na viwili viligeuka pamoja. Wanaume walisema naam na wanawake walisema abee, si kwa sauti ya kuota ndoto bali kwa furaha ya kawaida, kama mtu aliyeitwa mezani, wakainuka, wakaja. Salha alikuja pamoja nao. Hakuokota mikongojo. Alitembea kwa miguu yote miwili, uso wake umeng'aa, na kila alipoukanyaga ule mguu mbovu plasta ililia kama kigae kinachopasuliwa. Kajiru alizima baada ya hatua ya nne. Salha alisimama, akatazama chini, rangi ikamtoka usoni, akaketi sakafuni polepole.

Salha alipomaliza kutapika na daktari alipomfunga upya, Kajiru alikwenda kumwomba radhi na kumuuliza kwa nini aliinuka.

"Si uliniita?"

"Sikukuita, Salha."

Alifikiri kidogo. "Basi nilitaka kuja mwenyewe," alisema, akatabasamu ili kumtuliza.

Fomu za jaribio zilikusanywa jioni. Swali la tatu lilikuwa: Je, ulihisi kulazimishwa? Watu wote kumi na wawili walikuwa wameandika Hapana. Kajiru alizisoma moja baada ya nyingine, kisha akazisoma tena, akitafuta hata mmoja ambaye kalamu yake ilisita.

Alizipeleka kwa Mkurugenzi na kusema kwamba sauti ile ifutwe. Alijieleza kwa utaratibu, kama alivyofundishwa kujieleza mbele ya wakubwa. Mtu aliyeburutwa kwa kamba, alisema, anajua kwamba ameburutwa, na siku kamba ikilegea atadai haki yake. Hawa hawakuwa na kamba ya kuonyesha. Wangekwenda popote walipoelekezwa, na baadaye wangeapa kwamba walikwenda kwa hiari.

Mkurugenzi hakumkatiza. "Ukimkuta mtu anazama," aliuliza mwishowe, "unamwomba ruhusa kwanza?"

"Anayezama hunyoosha mkono."

"Si wote, Fundi."

Kajiru aliuliza ni nani mwingine aliyekwisha kuitaka sauti hiyo. Mkurugenzi, tumpe haki yake, hakudanganya. Watu wa magereza walikuwa wameuliza, alisema, na wenye mashamba ya mkonge, na ofisi moja ya juu ambayo asingeitaja. Lakini sheria ya matangazo ya kwanza ilidai vidole gumba viwili, cha Mkurugenzi na cha fundi aliyetengeneza. Bila kidole cha Kajiru sauti ya arobaini na mbili ingebaki kabatini.

"Una siku chache," alisema. "Nenda kamwone dada yako. Ukiwahamisha kwa maneno, mimi mwenyewe nitaifuta."

*

Nakunda alikuwa barazani akimenya tangawizi, vidole vyake vimegeuka manjano. Alimzidi Kajiru kwa miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyembebea sanduku la bati siku alipopanda kilima kwenda shule.

Kajiru alimwamkia shikamoo, naye aliitika marahaba bila kuinua macho. "Umekonda," alisema. "Huko mjini mnakula sauti?"

Alimpisha mkekani. Kajiru alimweleza habari za ziwa, kiasi cha maji, unyevu uliokwisha kuonekana kwenye kifusi. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimwambia kwamba yeye na wanawake wengine wanne walikwishapanda juu kuliangalia ziwa hilo kwa macho yao, na kwamba hakuwa na shaka lingepasuka.

Kilichomzuia kilikuwa kingine. Enzi za ujana wa mama yao, watu wa Mlongeni walihamishwa kwa juma moja kwa sababu ya ugonjwa. Waliporudi walikuta mashamba ya chini yamezungushiwa seng'enge na kibao kimepigwa msumari. Miaka tisa baadaye waliitwa tena, wakahama tena, na seng'enge ikapanda mpaka katikati ya bonde. Sasa waliitisha jambo moja tu: karatasi yenye muhuri, itakayosema kwamba bonde hili ni lao hata likiwa tope tupu. Waipate leo, wahame kesho.

Kajiru aliijua karatasi hiyo. Alikuwa ameiulizia. Karatasi ingechukua miezi sita kupita ofisi zote zilizohusika; sauti ilichukua siku mbili.

Hakuwa amekusudia kumwambia habari za sauti. Lakini alipokuwa mdogo hakuwahi kuketi mbele ya mwanamke huyu na siri, na utu uzima haukumsaidia. Alimwambia kila kitu, mpaka habari za plasta ya Salha. Nakunda alikiweka kisu chini.

"Nitajua kwamba siye wewe unayeniita?"

"Hutajua."

"Nitaitika?"

"Utaitika."

"Na nitakuja kwa miguu yangu, nikifurahi."

"Ndiyo, dada."

Akakichukua tena kisu, akamenya kipande kimoja mpaka kikaisha. "Basi usiniite, Kajiru."

"Nimekusikia."

"Sikukuuliza kama umenisikia. Masikio yako nayajua, nimeyaosha mimi."

Maishani mwake Kajiru hakuwahi kutoa ahadi akaivunja, na kwa hiyo hakuitoa. Alijiona mwaminifu kwa kukataa kuahidi jambo ambalo huenda lingemshinda. Nakunda hakumwona hivyo. Alipoaga, dada yake alimtakia safari njema akiwa ameketi palepale. Hakuinuka kumsindikiza hata mpaka kwenye uzio, naye alikuwa mtu wa kumsindikiza hata mkusanya kodi.

*

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, maji ya rangi ya chai yalianza kutoka chini ya kifusi.

Mtambo ulikuwa umefungwa ukingoni mwa bonde, chini ya mnara, na kutoka hapo mapaa ya Mlongeni yalionekana kama sarafu zilizomwagwa. Mvua ilikuwa ikinyesha milimani. Mhandisi alipiga simu mara mbili. Mara ya pili alisema tu kwamba wahesabu kwa saa, kisha akakata. Mkurugenzi aliweka kidole gumba chake kwenye kioo. Mraba mmoja ukawaka. Wa pili ulibaki mweusi.

Kajiru alisimama mbele yake mikono ikiwa nyuma.

"Sitakulazimisha," alisema Mkurugenzi. "Hilo ndilo jambo pekee lililobaki hapa ambalo bado halilazimishwi."

Kajiru aliinua darubini. Aliliona paa la dada yake na moshi mwembamba ukitoka jikoni. Alijua alichoombwa pale barazani, na alijua kwamba aliyemwomba alikuwa na akili timamu, amelipandia ziwa akalitazama, na alikuwa amechagua. Alimheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai. Alisimama hivyo muda ambao Mkurugenzi baadaye aliuandika kuwa dakika sita. Kisha aliona kwamba anaweza kuishi bila heshima ya Nakunda, lakini hakuweza kuufikiria ulimwengu ambamo dada yake hayumo. Akaweka kidole.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kajiru, ambaye punje zake zilikuwa zimefungwa, alisikia mvua tu. Halafu bonde zima liliitika. Naam na abee mia tisa zilipanda pamoja kutoka majikoni, mashambani na darasani, zikagonga mwamba, zikarudi, na mnara wenyewe ukavuma. Mkurugenzi, aliyezifunga zake kwa kibali maalumu, alishika ukingo wa meza.

Walikuja kwa njia zote. Mwanamume mmoja alikuja na povu la sabuni kwenye shavu moja. Mama alikuja na mtoto kwenye titi. Kipofu mmoja alitangulia mbele ya watu wote, bila fimbo, bila mkono wa kumwongoza, akipanda mawe yenye utelezi kama mtu apandaye ngazi za nyumbani kwake. Hawakusukumana wala hawakuzungumza, na kila uso ulikuwa na tabasamu lilelile. Nakunda alifika katikati ya kundi, vidole vyake vya manjano. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Kajiru, akamtazama kama alivyomtazama alipokuwa na miaka minne.

"Abee, mdogo wangu," alisema. "Nimekuja."

Sauti ilizimwa dakika ya arobaini, mtu wa mwisho alipovuka ukingo. Ziwa lilipasuka saa sita na dakika hamsini. Lilichukua nyumba, mashamba, seng'enge na kibao chake; lilipopita hapakuwa na Mlongeni. Mkurugenzi aliketi kwenye matope akilia, akarudia kwa yeyote aliyemsikiliza kwamba ni wote, mia tisa na kumi na wawili, wote wazima.

Kajiru hakuwa akilitazama bonde. Alikuwa akiutazama uso wa dada yake, ambako lile tabasamu lilikuwa likitoka kidogo kidogo kama maji yanayonywewa na mchanga. Nakunda alitazama miguu yake. Alitazama njia aliyoipanda. Halafu alimtazama Kajiru mdomoni, si machoni, kwa muda mrefu.

*

Kambi ilijengwa uwandani, mahema meupe safu kumi na nne. Kajiru aliomba likizo akahamia huko. Kila asubuhi alimpelekea dada yake kuni na kumwamkia, na shikamoo yake ilianguka chini bila mtu wa kuiokota.

Hakuwa peke yake katika hilo. Katika juma la kwanza, mwalimu aliita majina darasani na hakuna mtoto aliyeitika. Sasa alipita dawati kwa dawati akiwagusa mabega. Akina mama waliacha kuita wana wao. Walikwenda kuwachukua kwa mkono. Hodi ilipopigwa hapakuwa na karibu. Mgeni alizunguka mpaka mbele ya mlango na kuuonyesha uso wake, na mwenyeji alimwangalia midomo kwanza, kuona kama inakwenda sawa na sauti. Wengine walijaza nta masikioni, ingawa waliambiwa kwamba punje imo mfupani na nta haiizuii. Kamati yao iliandika barua kuomba punje zitolewe. Idara ilijibu kwamba huo ni upasuaji, na kwamba wangejulishwa zamu yao.

Kajiru naye aliandikiwa. Mkurugenzi alimwomba, kwa lugha ya heshima, atayarishe nakala tatu kwa ajili ya minara mitatu mingine. Alikataa kwa barua ya kurasa nne. Jibu lilikuwa la mistari miwili: baada ya matangazo ya kwanza sauti ilikuwa mali ya Idara, na kidole chake hakikuhitajika tena.

Jumanne moja alasiri, mtu aitwaye Mbazi alikuwa akichimba shimo la choo nyuma ya safu ya mwisho. Alikuwa ameshuka kimo cha mtu na zaidi kidogo pale ukuta mmoja ulipomwangukia.

"Jamani, nisaidieni!"

Kajiru aliisikia akiwa anapasua kuni. Punje zake zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo katika kambi nzima yeye peke yake hakuwa na sababu ya kushuku. Alitupa shoka akakimbia. Njiani aliwapita watu waliosimama ghafla walipokuwa: mwanamke mwenye ndoo, wanaume watatu waliokuwa wakikaza kamba ya hema, wasichana kwenye bomba la maji. Kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa, akiusikiliza ule mtetemo, akiupima, kana kwamba kambi nzima imegeuka mafundi wa sauti. Wito wa kwanza haukuwa na neno. Nani angewahakikishia kwamba wa pili usingekuwa nalo?

Alishuka shimoni. Udongo ulimfika Mbazi kifuani na ulikuwa bado ukimiminika. Kajiru alichimba kwa jembe, kisha kwa mikono, na kwa kila pumzi aliwaita. Aliwaita kwa majina aliyoyajua. Alimwita kipofu, alimwita mwalimu, aliapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake kwamba ni yeye, Kajiru, na kwamba kuna mtu anakufa. Alimwita Nakunda. Dada yake alikuwa hatua thelathini kutoka hapo. Kajiru alimwona alipoinua kichwa kuvuta hewa, amesimama na mikono kifuani, shingo ameinyoosha, akijitahidi kuiona midomo yake. Lakini Kajiru alikuwa shimoni, na kila alipoita uso wake ulikuwa umeelekea chini.

Ukuta wa pili ulianguka. Ulimfunika Mbazi mpaka juu ya kichwa na kumfikia Kajiru mapajani. Aliita mpaka sauti ikapasuka, ikawa mkwaruzo, ikaisha. Akaendelea kuchimba kimya.

Ndipo walipokuja. Kwanza mmoja, kisha watatu, kisha shimo zima likazungukwa na majembe na masufuria, kwa kuwa mtu anayechimba bila kusema ni mtu anayechimba tu, hamwiti mtu. Walifanya kazi haraka na kwa ustadi, bila hata sauti moja ya kuelekezana. Walimfikia Mbazi kabla jua halijagusa mahema. Mdomo wake ulikuwa wazi, umejaa udongo.

Nakunda alipiga magoti akaupangusa uso wa maiti kwa pindo la khanga yake. Kisha alimgeukia mdogo wake. Kajiru alifungua kinywa ili aseme, ingawa hapakuwa na sauti ya kutoka. Dada yake alimwekea vidole viwili juu ya midomo, akaifunga, akavibakiza pale mpaka alipoona kwamba amekubali. Halafu alimshika mkono na kumwonyesha upande wa miguu ya maiti, ili wambebe Mbazi.